Mzee kukaa fleti peke yake: tazama ngazi kabla ya kodi

Tangu nyumba za chini za mitaa yetu zianze kubomolewa kupisha maghorofa, swali hili halikosi barazani: je, ni sawa mama wa miaka 70, mwenye afya na akili timamu, kukaa fleti peke yake? Wengi wanaouliza wanataka niseme ni aibu. Mimi sioni aibu. Hapa Mombasa wako wazee, wajane hasa, ambao hawataki kwenda kulala chumba kimoja na wajukuu Nyali au Mtwapa. Wanataka jiko lao, msala wao, redio yao na mlango wanaoufunga wenyewe. Kumfanyia mzazi wema ni pamoja na kumsikiliza anapokwambia anataka kukaa wapi.

Taabu iko kwenye jengo. Nyumba zetu za zamani zilimtunza mzee bila mtu kupanga. Baraza iko nje, ua uko nyuma, hakuna ngazi. Akikaa barazani asubuhi, nusu ya mtaa imemwamkia kabla ya adhuhuri, na asipoonekana kuna mtu atapiga hodi. Fleti haina hayo. Mlango ukishafungwa, na ule wa chuma ukatiwa kufuli, jirani wa ukuta mmoja hajui kama upo au umesafiri.

Kwa hivyo ulizeni kwanza ni ghorofa ya ngapi. Majumba mengi yetu yana ghorofa nne au tano na hayana lifti. Kodi ya juu huwa nafuu, na watoto hutazama kodi. Bi mkubwa atapanda leo, na kesho pia. Lakini siku atakapoanza kuhesabu ngazi, ataacha darsa, kisha ataacha kwenda kuwaona wagonjwa, mwisho hata harusi za watu wake atatuma salamu tu. Atabaki amefungwa kwenye nyumba yenye upepo mzuri. Hata penye lifti, ulizeni kama kuna jenereta stima ikipotea. Na kuna jambo ambalo hatupendi kulitaja: ngazi nyingine ni nyembamba na zina kona kali, jeneza halipiti. Nimeona maiti akiteremshwa kwa shuka mpaka chini, wanawe wakiwa wamemshika pembe nne, ndipo akatiwa jenezani.

Halafu maji. Fleti nyingi mferejini hutoka maji ya kisima, ya chumvi. Ya kunywa huja na mkokoteni kwa mitungi ya lita 20, yaani kilo 20 mgongoni mwa mtu, na kila ghorofa anayopanda muuzaji huongeza bei. Gesi vilevile. Mtungi wa kilo 6 mzee anaweza kuusogeza mwenyewe. Wa kilo 13 hawezi.

Bafuni wekeni vyuma vya kushikia na choo cha kukalia, na mlango ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani hamtamfikia. Ufunguo wa pili akae nao jirani, si mwana aliyeko Dubai.

Sasa karatasi, na hapa ndipo familia huharibikiwa. Mama ana kiwanja, anakuja mjenzi, wanakubaliana: nipe ardhi nikupe fleti kadhaa. Tangu Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila fleti inaweza kuwa na hatimiliki yake. Basi hati ya fleti ya mama iandikwe jina la mama. Si la mwana mkubwa “kurahisisha mambo”. Mama yu hai, hakuna urithi, mali ni yake. Mkiandika jina la mwana, siku mama akifariki dada zake watakwenda kwa Kadhi kudai nyumba ambayo kwa karatasi haikuwa ya marehemu.

Ulizeni pia ada ya kila mwezi ya askari, taka na pampu ya maji. Pesa za Inua Jamii kwa mzee wa miaka 70 na zaidi zimekuwa Sh2,000 kwa mwezi, na kuna majumba ambayo ada hiyo peke yake huzimaliza. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee apate matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Ada hiyo, basi, watoto waigawane mapema, kwa maandishi.

Halati yangu anakaa Tudor, ghorofa ya kwanza, peke yake. Wamepatana na jirani wa chini: akishaswali alfajiri anatundika leso kwenye roshani. Mwaka jana siku moja leso haikutoka, jirani akapanda na ufunguo. Kumbe halati alikuwa amelala, amekesha kwenye harusi Kibokoni. Alikasirika kuamshwa, lakini chai alimpa.