Kusaka Paa katika Uwanda wa Unguja

Atokaye Mji Mkongwe kwenda mashariki au kusini mwa Unguja huona nchi ikigeuka. Udongo wa kina uitwao kinongo hukoma, na uwanda huanza: miamba ya matumbawe, vichaka vilivyosongamana, na mashimo yaliyofichwa na majani. Humo huishi paa nunga na chesi, na humo wasasi walizoea kuwasaka kwa mbwa na nyavu.

Kuwinda ni neno la jumla. Mtu aweza kuwinda peke yake. Lakini msako wataka watu wengi. Wengine hukaa kimya penye nyavu, na wengine huwafukuza paa kwa makelele. Kichakani mtu hamwoni mwenziwe aliye hatua chache tu, basi sauti ndiyo jicho lake. Kwa hiyo yafaa kila mtu akae mahali pake hata aitwe, wala bunduki isielekezwe upande wanakotoka wenye makelele. Wavu una faida nyingine tena: paa hukamatwa hai, akapata kuchinjwa kwa sheria ya Kiislamu.

Paa nunga alipewa jina la kitaalamu mwaka 1918, kwa heshima ya Dr. Aders wa Unguja. Leo ni mnyama wa nadra. Nje ya kisiwa hiki hupatikana katika misitu ya pwani ya Kenya, hata Boni karibu na mpaka wa Somalia. Asipohifadhiwa, wanafunzi wetu watajifunza jina lisilo na mwenyewe.