Kuitikia si Kukiri

Mzee alipandishwa kizimbani kofia ikiwa mkononi. Alikuwa ametoka Ushetu alfajiri, kwa bodaboda kisha basi dogo, kuja mahakama ya wilaya mjini Kahama kujibu shtaka la kuingiza ng'ombe katika hifadhi ya msitu bila kibali. Hakimu alikuwa mwanamke kijana, rika la wajukuu wake. Kabla hajaulizwa neno, mzee akainama kidogo akasema, "Mwangaluka, mayu." Chumba kikatulia. Hakimu akaitikia salamu, ndipo mwendesha mashtaka akasoma shtaka.

"Mzee, umelisikia shtaka. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Nilikuwa benchi la mawakili nikisubiri kesi yangu iitwe. Mwendesha mashtaka alikwishaanza kupekua faili kutafuta maelezo ya kosa, kwa kuwa jibu kama hilo humaliza kazi ya asubuhi. Hakimu hakuandika kitu. Akauliza tena, "Ni kweli nini, mzee?"

"Ni kweli hilo jina ni langu. Na ng'ombe ni wangu. Huo mpaka wa hifadhi ndio mnionyeshe, mimi siujui."

Watu wakacheka, askari wa mlangoni naye akacheka, na mzee mwenyewe akacheka bila kujua kinachochekwa. Hakimu alitabasamu huku akiandika kwamba mshtakiwa amekana kosa. Nimewasimulia wanasheria wenzangu kisa hiki mara nyingi, na kila ninapokisimulia namshukuru yule hakimu kwa swali lake la pili. Bila swali hilo, mzee angetiwa hatiani pale pale kwa neno alilolitamka kwa adabu tu.

Anayeishi na Wasukuma, Wasumbwa au Wanyamwezi anajua jinsi watu wanavyozungumza huku kwetu. Mmoja anaeleza, mwenzake anaitikia: ee, ndiyo, kweli. Kumwacha mtu aongee bila kumwitikia ni kumdharau, na kumdharau hakimu ni jambo ambalo mzee wa Ushetu hawezi kulifikiria. Kwa hiyo anaitikia. Maana yake ni "nakusikia, endelea." Sheria nayo, kwa upande wake, inasubiri neno hilohilo ili ifunge mlango.

Na mlango huo ukifungwa, kuufungua ni kazi. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri kosa mwenyewe hawezi, kwa kawaida, kukata rufaa kupinga hatia yake. Anabaki na nafasi ya kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Ndiyo maana majaji wa zamani waliweka tahadhari. Mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisikiliza rufaa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, iliamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mawakili wa nchi zote tatu wanaitaja hadi leo. Shtaka na kila kiungo cha kosa kielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa aulizwe kama anakubali maelezo hayo au ana la kuongeza. Akionyesha shaka yoyote, iandikwe kwamba amekana, kesi isikilizwe. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inakwenda njia hiyohiyo: kukiri kuandikwe kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe, kwa kadiri inavyowezekana. Na mwaka 1983 Mahakama Kuu ilieleza ni wakati gani aliyekiri anaweza bado kusikilizwa katika rufaa: kukiri kukiwa na utata au kumetokana na kutoelewa, shtaka likiwa halionyeshi kosa lolote kisheria, au mambo aliyoyakubali yakiwa hayawezi kujenga kosa aliloshtakiwa.

Maneno ya mshtakiwa mwenyewe. Hapo ndipo penye ugumu, maana maneno yake ni ya lugha gani?

Katika mahakama ya mwanzo mambo ni mepesi kidogo. Kiswahili ndicho lugha yake tangu zamani, katika kusema na katika kuandika. Ukipanda ngazi moja tu, unakuta desturi tuliyoishi nayo kwa miaka mingi: shahidi anasema Kiswahili, hakimu anasikia Kiswahili, kalamu inaandika Kiingereza. Kwa shahidi anayejieleza vizuri kwa Kisukuma tu, njia inarefuka. Anasema Kisukuma, mkalimani anakipeleka kwenye Kiswahili, hakimu anakivusha hadi Kiingereza. Miezi kadhaa baadaye jaji wa rufaa anasoma lile la mwisho bila kuuona uso wa aliyesema la kwanza.

Chukua sentensi fupi: "Alikuja na panga." Huku Ushetu, mwanamume anayekwenda shambani bila panga ndiye wa kuulizwa. Panga linakata kuni, linafyeka vichaka, linatengeneza bani la kukaushia tumbaku. Sasa sentensi hiyo iandikwe kwa Kiingereza cha mahakama, ambacho kina neno lake maalumu la mtu aliyejihami kwa silaha. Mkulima aliyekuwa njiani anageuka mtu aliyejiandaa kushambulia. Na kama kesi yenyewe ni ya unyang'anyi, mabadiliko hayo si madogo: unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Neno "kupiga" nalo lina hatari zake. Kwa Kiswahili tunapiga mtu kofi, tunapiga risasi, tunapiga simu. Anayetafsiri kwa haraka huchagua moja, na chaguo lake ndilo linalobaki kwenye faili.

Suala hili liliwahi kufika juu kabisa, na mgodi wa dhahabu ulihusika. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa kesi ya kazi kati ya mgodi wa North Mara na mfanyakazi. Februari 1, 2021, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, iliyoadhimishwa pamoja na miaka 100 ya Mahakama Kuu, Rais John Magufuli alitangaza mbele ya hadhara kwamba kwa sababu ya uamuzi huo anampandisha jaji huyo kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kwamba lugha ya sheria na lugha ya mahakama ni Kiswahili, na Kiingereza kitumike pale haki inapodai hivyo. Kanuni za mwaka 2022 zikaja kueleza mazingira ambamo Kiingereza kinaruhusiwa. Mazingira hayo si machache, na hukumu nyingi za mahakama za juu bado zinaandikwa kwa Kiingereza.

Wapo wenzangu wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni neno makinikia. Machi 2017 serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba, uliotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, hapa hapa Kahama. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikachunguza kilichomo, ya Profesa Nehemiah Osoro ikachunguza uchumi na sheria zake. Neno lililokuwa la wataalamu wachache likafika kila kijiweni kabla mvua hazijaisha. Bodaboda wa Kahama wakabishana juu ya makinikia, mama lishe wakauliza mrabaha ni nini, na mrabaha wa dhahabu ulipopanda mwaka huo kutoka asilimia 4 hadi 6 watu walijua kilichopanda. Mkataba wa madini ulioandikwa kwa Kiingereza ulikuwa umelala makabatini miaka mingi bila kuulizwa swali na wanaoishi juu ya dhahabu yenyewe. Neno moja la Kiswahili liliwapa mahali pa kushika.

Jambo linaloniumiza zaidi ni ukalimani wa lugha zetu za nyumbani. Nimeshuhudia shahidi akikwama, na mkalimani akatafutwa miongoni mwa waliomo chumbani: karani, mgambo, hata askari aliyemleta mshtakiwa. Karani aliyeapishwa, sawa. Askari aliyemkamata mtu asiwe mdomo wa mtu huyohuyo. Hilo nitalipinga kila nitakapoliona. Mkalimani anapaswa kuapishwa, na jina lake na lugha aliyotafsiri viandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Kenya wameliweka ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Sisi tunao wajibu wa kumtafsiria ndani ya sheria zetu. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa kazi hiyo, wa Kisukuma, Kisumbwa na Kiha.

Lugha pia ndiyo inayowapotezea watu muda, na muda mahakamani haurudi kirahisi. Kijana aliyefukuzwa kazi mgodini huja ofisini akiwa na barua ya Kiingereza ambayo ameitunza miezi mitatu akisubiri mjomba wa kumsomea. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Baada ya hapo ni kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya, siku 30. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Na baraza la kata, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, halitoi tena hukumu. Wapo wanaobeba karatasi zake za sasa wakidhani wameshinda kesi.

Mawakili nasi tumepata kuonja adha ya kusoma tusichokizoea. Toleo jipya la sheria zilizorekebishwa lilipoanza kutumika Julai 1, 2025, vifungu vingi vilibadilika namba. Watu wazima waliovitaja kwa kichwa miaka ishirini wakawa wanaulizana koridoni kama wanafunzi kabla ya mtihani, na hakimu akicheka akiona wakili anapekua kurasa za kifungu alichokiimba jana. Kwa wiki chache tulijua anavyojisikia mtu anayesimama mahakamani bila kuwa na uhakika wa maneno.

Ndugu msomaji, siku utakaposimama kizimbani au mahali pa shahidi, ukiwa hukuelewa swali sema hukuelewa. Kama lugha yako ni Kisukuma, omba mkalimani kabla hujajibu lolote, hata kama sokoni unasema Kiswahili vizuri. Ukisomewa shtaka usijibu "ndiyo" wala "ni kweli" peke yake. Sema ulichofanya na ambacho hukufanya. Na ukimaliza kutoa ushahidi katika kesi ya jinai mahakama ya wilaya, omba usomewe yaliyoandikwa. Sheria inamtaka hakimu akuambie kwamba unayo haki hiyo, na ukisema kuna mahali pamekosewa, maneno yako hayo nayo yanaandikwa.