Kujulikana Ulipo Si Kuwasiliana

Wakati wa likizo ya Agosti, mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliondoka Kibwezi kwa pikipiki kwenda Ikutha. Alipouvuka Mto Athi, unaotenga Makueni na Kitui, aliiacha lami akashika njia ya vumbi ili amjulie hali rafiki yake. Magharibi ilipoingia, simu yake haikupatikana.

"Kaka," dada yangu aliniuliza usiku, "kwani ile pikipiki haina kidude cha setilaiti?"

Kilikuwapo. Walikifunga waliomkopesha pikipiki, na nywila ya kukitazamia walikuwa nayo wao peke yao. Tulipowapata asubuhi, walitujibu kwamba pikipiki ilionekana mara ya mwisho karibu na lami, jana jioni. Muda si muda kijana akatokea akichechemea, anasukuma pikipiki yenye pancha.

Wengi wetu hudhani kwamba setilaiti humwona msafiri, kisha ikatoa habari zake. Sivyo. Setilaiti za GPS, zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu, hutangaza mawimbi tu. Kifaa huyapokea kutoka setilaiti nne au zaidi, kikakokotoa mahali kilipo. Ili habari hiyo imfikie mtu, vifaa vinavyofungwa kwenye pikipiki zetu hutegemea laini ya simu na minara ile ile tuijuayo. Pasipo mtandao, kifaa hujua kilipo lakini ni bubu.

Vipo vingine, kama Garmin inReach, wanavyobeba watalii wavukao bara kwa pikipiki. Hivyo hupeleka ujumbe moja kwa moja kwenye setilaiti 66 za Iridium, na vina kitufe cha kuomba msaada. Lakini bei yake, pamoja na ada ya huduma, si ya mwendesha bodaboda wa Mutomo.

Hapa sarufi yetu inatufaa. Kuwasili ni kufika. Kuwasiliana, kwa kiambishi cha kutendana, ni kufikiana. Kufuatiliwa ni kutendwa: mmoja anatazama, mwingine anatazamwa. Anayetuuzia kufuatiliwa kwa jina la mawasiliano anatupotosha, na upotoshaji huo waweza kumgharimu mtu maisha yake porini.

Basi, walimu na wanafunzi mnaopanda pikipiki kila uchao, kabla ya kutia sahihi mkataba wa mkopo, dai kwamba jamaa mmoja wa nyumbani naye aruhusiwe kukitazama kifaa. Na kabla ya kuuacha mtandao, tuma jina la njia unayoishika na saa unayotarajia kufika. Pasipo simu, acha neno kwenye duka la mwisho, kama walivyofanya wazee wetu. Hilo halihitaji setilaiti.

Dada yangu alilisema kwa ufupi kuliko mimi mwenye shahada: "Walikuwa wakiitafuta pikipiki yao. Mwanangu hakuna aliyemuulizia."