MBEGU YA MITOO: ADUI YUMO NDANI YA GANDA

Ukipita sokoni Kapsokwony utawaona akina mama wamepanga mafungu ya mboga: sukumawiki, kunde, managu, sageti, na pembeni kidogo, mitoo. Ile chungu ambayo watoto wengi huikunjia uso, kisha wakishakuwa wakubwa wanaanza kuitafuta. Wajaluo ndio wanaoiita mitoo, Wabukusu huiita kimiro, na Wakipsigis kipkururiet. Mimi nitatumia mitoo kwa sababu ndilo jina linalosikika zaidi hapa shuleni.

Watu wengi wanajua kuipika. Wachache wanajua kuitunza mpaka ikatoa mbegu, na hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza. Ukitaka mbegu ya mahindi unajua pa kwenda, si ni Kitale tu hapo, mji wenye kampuni ya mbegu ya Kenya Seed iliyoanzishwa mwaka 1956. Lakini mbegu ya mitoo huku kwetu mara nyingi hutoka kwa nyanya, au kwa jirani, ikiwa imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Mwaka ambao nyanya hakupata mbegu, basi na jirani hana. Aina ile mliyoizoea kwenu inaweza kupotea hivi hivi bila mtu yeyote kutangaza.

Kwanza tufahamu kwamba mitoo ni za aina mbili. Moja ina majani membamba yenye rangi ya kijani iliyofifia, nayo ndiyo chungu zaidi. Wataalamu huiita Crotalaria brevidens. Ya pili ina majani ya kijani kilichoiva, si chungu sana, na maganda yake ni manene, yamevimba kama yaliyojazwa upepo. Hiyo ni Crotalaria ochroleuca, na ndugu zetu wa Tanzania huipanda kurutubisha udongo, wakiiita marejea. Zote mbili ni jamii moja na maharagwe, na mizizi yake ina vifundo vinavyoongeza naitrojeni shambani. Jina Crotalaria lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la chombo kinachopigwa kikatoa mlio kama kayamba. Na kweli, ukitikisa ganda lililokauka utasikia mbegu zinacheza ndani.

Kupanda si kazi kubwa. Mbegu ni ndogo, kwa hiyo changanya na mchanga ili zisirundikane, mwaga kwenye mistari, funika kidogo tu. Zingine zina ngozi ngumu. Ukiziloweka usiku mmoja zitaota vizuri zaidi. Shida huanza pale ambapo shamba moja linatakiwa litoe mboga na litoe mbegu pia. Kila unapochuma vichwa, mmea unatoa matawi mapya na kuchelewa kutoa maua. Hivyo basi, tenga mistari miwili au mitatu usiyoigusa kabisa, na uwaambie watu wa nyumbani, maana wageni wakifika jioni mistari hiyo ndiyo itakayochumwa kwanza!

Maua ya manjano yakishatoka, utaona nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za paa. Msiwafukuze. Maua ya mitoo yanahitaji mdudu mzito wa kuyafungua, na hao nyuki ndio hasa wanaofanya kazi hiyo. Kuna watu wanaosema ati funika mimea yote kwa neti kuukuu ya mbu tangu mwanzo. Neti itamzuia adui, ni kweli, lakini itamzuia na nyuki, na maganda utakayopata yatakuwa haba.

Sasa huyo adui ni nani? Ni nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo. Huyu wetu ni mdogo, mweupe, ana madoadoa mekundu na meusi mabawani, na mchana ukipita kwenye mitoo anaruka mbele yako hatua chache kisha anatua tena. Ni mzuri kumtazama. Jina lake la kitaalamu ni Utetheisa pulchella. Hutaga mayai kwenye mmea, na kiwavi anayetoka ana nywele, ni mweusi mweusi mwenye mabaka meupe na alama za rangi ya machungwa. Akiwa mdogo anakula majani. Maganda mabichi yakitokea, anayatoboa na kula mbegu.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Ganda linabaki limening'inia vizuri, kijani, na ukiwa mbali utasema mwaka huu ni wa neema. Likaribie. Utaona tundu la mviringo na pengine uchafu mdogo mdogo mdomoni mwake, na ukilipasua ni mabaki ya mbegu tu. Mwaka jana katika kishamba cha nyanya yangu karibu nusu ya maganda yalikuwa hivyo, na mbegu zilizosalia hazikujaza kikombe cha chai.

Utauliza, kwani ndege wako wapi? Mbona hawali viwavi hawa? Hapa kuna jambo la ajabu. Mitoo ina sumu ndani yake, na nyingi zaidi iko kwenye mbegu. Kiwavi anaila na haimdhuru. Anaihifadhi mwilini, na hata akishakuwa nondo anabaki nayo. Rangi zake kali ni kama kibao cha onyo. Mwanasayansi Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alimchunguza nondo wa jamii hii hii anayeishi huko kwao, akaona kwamba hata buibui akimnasa kwenye utando hamli, bali anakata nyuzi na kumwachilia aende zake. Kumbe basi tusiwangoje ndege. Na kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, mbegu za mitoo wasipewe kuku wala nguruwe.

Dawa je? Kiwavi akishaingia ndani ya ganda, dawa ya kunyunyizia haimfikii, itawaua nyuki bure. Na hata majivu, ambayo kila mzee atakuambia ndiyo kinga ya mbegu, ni kinga ya mbegu iliyo kwenye chupa. Hayafanyi lolote kwa mbegu ambayo imeshaliwa shambani. Naona ndiyo maana watu wanalalamika kwamba majivu ya siku hizi hayana nguvu. Majivu hayajabadilika, ila yamefika yakiwa yamechelewa.

Kazi ni ya mkono na macho. Tangu maua ya kwanza, pita kwenye mistari yako kila baada ya siku mbili asubuhi. Geuza majani, ponda mayai, okota viwavi na uwatumbukize kwenye mkebe wa maji ya sabuni. Ganda lenye tundu likate, usiliache mtini wala usilitupe chini, lichome. Maua yakishadondoka na maganda machanga kushika, hapo sasa neti ina faida: kata vipande, vika vile vichala bora kama mfuko na ufunge kwa uzi. Nyuki wameshamaliza kazi yao. Hakikisha tu hujamfungia kiwavi ndani, maana utakuwa umemjengea nyumba.

Usingoje shamba lote likauke ndipo uvune. Maganda ya chini huiva kwanza, na yakikauka sana jua kali huyapasua na mbegu zikamwagika. Kata kila ganda linapogeuka kahawia. Ndiyo maana ni vyema mistari ya mbegu ipandwe Agosti, ili maganda yakauke Desemba na Januari. Ya msimu wa mvua za masika huozea mtini, na huku kwetu mlimani ukungu hauna simile.

Yaanike kivulini juu ya gunia siku kadhaa, yatie mfukoni, piga taratibu kwa fimbo, peta kwa ungo. Chagua zile nzima. Ukiuma mbegu ikakatika kwa mlio bila kubonyea, imekauka. Changanya na majivu yaliyopoa na kuchekechwa, jaza chupa mpaka shingoni ili hewa isibaki nyingi, funga kifuniko. Kabla ya kupanda, chukua mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zihesabu zilizoota baada ya wiki moja. Zikiota chini ya 10, panda nene.

Mwaka huu mistari mitatu ya nyanya imevikwa neti na imeshika maganda. Amekubali kutoa vijiko viwili vya mbegu ile chungu kwa kila mwanachama atakayehitaji muhula ujao. Njoo na chupa yako, iwe kavu, na majivu utafute kwenu.