Samaki wa Maji ya Kijani

Februari na Machi, majira ya joto yanapoelekea mwisho, familia nyingi za Johannesburg hupakia ndoano, viti na makaa kwenye gari na kwenda bwawa la Hartbeespoort, mwendo wa kama saa moja. Miongoni mwao wamo wazazi na wajomba zetu waliotoka Kisumu, Bukavu na Kigoma, watu waliolelewa kando ya ziwa. Miezi hiyo hiyo ndiyo maji ya bwawa hugeuka kijani kama rangi iliyomwagwa. Wazee hututazama sisi tunaosoma chuo kikuu na kuuliza: samaki huyu analiwa?

Kwanza tujue kijani hicho kinatoka wapi. Hartbeespoort ni jina la Kiafrikana, maana yake mlango wa kongoni, yaani pengo katika milima ya Magaliesberg. Ukuta wa bwawa ulikamilika mwaka 1923 ili mashamba yapate maji. Baadaye jiji likapanuka huku juu. Mto Jukskei unaanzia ndani ya Johannesburg, unapita Alexandra, kisha unaingia Mto Crocodile, ambao ndio unaolijaza bwawa. Njiani unapokea maji taka, yaliyosafishwa na yasiyosafishwa, yenye fosforasi na naitrojeni. Hiyo ni mbolea. Kwa lugha ya nyumbani, vyoo vyetu vinalirutubisha bwawa.

Kinachostawi humo watu hukiita mwani, lakini hasa ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Aina iliyozoeleka pale ni Microcystis. Ina vijifuko vya hewa, kwa hiyo siku tulivu huelea juu, kisha upepo huisukuma ufukweni mpaka iwe nzito kama uji. Mara nyingi hutoa sumu inayodhuru ini. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1998 kiwango cha mikrogramu 1 tu kwa lita.

Kuvua bado kunawezekana. Simama upande upepo unakotokea, kwa maana uji ule hukusanyika upande wa pili. Karpi hufuata donge la unga wa mahindi. Kambare hupenda maini ya kuku. Usiku bakteria hao hutumia oksijeni ya maji, kwa hiyo alfajiri samaki wengi huwa wamechoka. Kambare huvumilia kwa kuwa anaweza kuvuta hewa juu ya maji. Samaki uliyemkuta anaelea amekufa, mwache. Watoto wasiogelee penye kijani, na mbwa asinywe.

Ugumu uko jikoni. Sumu hujikusanya zaidi kwenye ini na matumbo kuliko kwenye mnofu. Ushauri wa kawaida ni kumpasua samaki mara moja, kutupa vya ndani vyote, kusuuza mnofu kwa maji ya bomba, na kutompika mzima. Maji yakiwa mazito kama rangi, ni salama zaidi kumrudisha samaki majini. Sasa mwambie hivyo mtu aliyekulia sambaza wa Kivu, dagaa wa Kigoma au omena wa Kisumu, samaki wadogo wanaoliwa wazima na matumbo yao! Mwambie mama kwamba supu ya kambare mzima, na kichwa cha mzee wa nyumba, leo haipo.

Hapo Kiswahili chetu cha darasani kilipimwa. Tulipoandika tangazo la chama, rasimu ya kwanza ilisema "mwani una sumu". Mwenzetu ambaye bibi yake ni wa Unguja alipinga. Kule mwani hulimwa, hukaushwa na kuuzwa; umewasomesha watoto wa akina mama wengi. Bibi akisikia mwani, anasikia riziki. Tukaandika "maji ya kijani yenye sumu", na kila mtu akaelewa. Gugu maji, ambalo nalo limejaa Hartbeespoort, halikuhitaji maelezo: watu wa Kisumu wanalijua kuliko sisi.

Namna ya kusema nayo ina uzito wake. Kijana hamwamrishi mzee "usile". Tumeona inafaa zaidi kusema, "Baba, ziwa la kwetu unalijua wewe. Hili linapokea maji ya jiji zima, tule mnofu tu." Hapo mzee habaki mtu asiyejua samaki, anabaki mvuvi aliyepewa habari za maji mageni.

Tangazo ni mistari minne, na kila mwanachama anaweza kulipeleka nyumbani:

Maji ya kijani yana sumu, kuyachemsha hakusaidii.
Vua upande upepo unakotokea.
Tupa ini na matumbo, suuza mnofu kwa maji safi.
Maji yakiwa mazito, mrudishe samaki.

Wahadhiri wetu, tusahihishieni sarufi. Wenzetu, wasomeeni wazee kabla ya Jumamosi.