Je, Wajua? Oili Humwagwa Bila Spana
Boliti ya kumwagia oili chini ya injini yaweza kutolewa, na mahali pake ikafungwa koki. Wenzo wake huinuliwa kwanza, kisha huzungushwa robo mzunguko, oili inashuka. Kule kuinua ndiko kunakozuia kijiti cha barabarani kuifungua.

Hesi ya koki lazima ilingane na ya boliti iliyotolewa: Toyota nyingi za petroli hutumia hesi ya milimita 12, Honda nyingi 14. Upana pekee hautoshi! Hesi mbili za 12 hutofautiana nafasi ya meno: 1.25 au 1.5. Ukilazimisha isiyolingana, sampo (karai la oili) ya alumini hukatika meno.

Koki hushuka chini kuliko boliti. Kwa barabara za mawe, chagua fupi, isiyo na mdomo wa bomba.

Tundu la koki ni jembamba, kwa hiyo mwaga oili ikiwa vuguvugu.