Ushauri wa Watunisha Misuli wa Zamani kwa Mbeba Vyuma wa Leo

Mazoezi ya kubeba vyuma, ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa shughuli ya mabaunsa na mabondia, sasa yanafanywa na wanafunzi, watumishi wa ofisini, waendesha bodaboda na kina mama katika jiji la Arusha na katika maeneo ya Meru yaliyo jirani nalo, kama vile Akheri, Tengeru na Usa River. Mwenye uwezo hulipia ukumbi wenye mashine, ambao wengi huuita jimu, na asiye na uwezo, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Tanzania, hujaza zege kwenye makopo ya rangi, akayaunganisha kwa bomba na kuanza kazi. Tofauti ya vifaa hivyo si kubwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa msuli hautambui kama uzito unaobebwa ni wa chuma kilichonunuliwa au wa zege. Tofauti kubwa zaidi iko katika ushauri unaofuatwa, na hasa katika swali linaloulizwa na wachache, nalo ni kwamba ushauri huo ulitungwa kwa ajili ya mwili wa namna gani.

Utunishaji misuli, yaani mazoezi yanayofanywa ili kukuza misuli na kuupa mwili umbo, ulipata sura yake ya kisasa kwa Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg aliyeishi kati ya mwaka 1867 na 1925, ambaye tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa shindano kubwa la umbo la mwili katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, mwandishi Arthur Conan Doyle akiwa miongoni mwa waamuzi. Waliomfuata katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hawakuwa na mashine nyingi, na uhaba huo uliwalazimisha kuchagua mazoezi machache yanayoshughulisha misuli mingi kwa pamoja: skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama huku chuma kikiwa mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi mtu asimame wima, kukisukuma juu akiwa amelala chali kwenye benchi, kukisukuma juu ya kichwa akiwa amesimama, na kukivuta kuelekea tumboni akiwa ameinama.

Mazoezi hayo yaliongozwa na kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua, ambayo daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliipa msingi wa kitabibu mwaka 1945 alipoeleza jinsi askari majeruhi waliolazwa hospitali ya Gardiner mjini Chicago walivyorejesha nguvu za miguu kwa kunyanyua uzito uliokuwa ukiongezwa kadiri walivyopata nafuu. Reg Park, Mwingereza aliyezaliwa Leeds mwaka 1928, akatwaa taji la Mr. Universe mwaka 1951, 1958 na 1965, na ambaye pia aliishi Afrika Kusini, aliiweka kanuni hiyo katika mpango wa seti 5 za marudio 5, marudio yakiwa ni mara ambazo uzito unanyanyuliwa bila kupumzika na seti ikiwa ni mkupuo mmoja wa marudio hayo. Seti 2 za mwanzo zilikuwa za kupasha mwili joto, 3 zilizofuata zilifanywa kwa uzito uleule, na aliyezikamilisha zote aliongeza uzito kidogo. Mpango wa namna hiyo hauwezekani bila kumbukumbu, na ndiyo maana daftari ni kifaa cha mazoezi sawa na chuma chenyewe. Anayetumia makopo ya zege anapaswa kuyapima kwenye mizani, akaandika uzito wa kila moja, na akawa na mfuko wa mchanga unaoweza kuongezwa kidogo kidogo.

Mabingwa wa wakati huo walithamini pia mapumziko. Steve Reeves, Mr. America wa mwaka 1947 na Mr. Universe wa mwaka 1950, alifanya mazoezi ya mwili mzima siku 3 kwa wiki, akiacha angalau siku moja katikati, kwa sababu zoezi lenyewe halijengi msuli bali huupa mwili ishara ya kuujenga, na kazi ya ujenzi huendelea kwa siku moja hadi mbili baadaye. Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye miteremko ya Meru, ambako mtu anaweza kuwa amekwisha kulima, kukata majani ya ng'ombe na kubeba mikungu ya ndizi kabla hajashika chuma, kwa hiyo ratiba ya siku 6 juu ya kazi hizo humchosha bila kumjenga. Karani au mwendesha bodaboda anayekaa kutwa ana hitaji la namna nyingine, kwani siku zake zisizo za vyuma zinafaa kuwa za kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani.

Kuhusu chakula, watunisha misuli wa zamani walitegemea maziwa, mayai na nyama, na sayansi ya leo haijawapinga kwa kiasi kikubwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa faida ya protini, ambayo ni kirutubisho kinachojenga misuli, hufikia kikomo kwa wastani wa gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, sawa na gramu 96 kwa mtu wa kilo 60. Lita moja ya maziwa huwa na gramu 32 hivi, mayai 3 gramu 18, vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa gramu 30, na ugali wa gramu 200 za unga wa mahindi gramu 16, na jumla yake inatosha bila kopo la unga wa protini. Katika nchi ya Wameru na Waarusha, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa pembeni ya migomba na kahawa, na ambako loshoro hupikwa kwa mahindi na maziwa ya mgando, msingi huo uko mezani tayari, na maziwa ya mgando yana faida ya ziada kwa kuwa bakteria wamekwisha kupunguza ile sukari ya maziwa inayowasumbua watu wazima wengi tumboni.

Mwaka 1958 ulileta mgeuko, pale kampuni ya Ciba ilipoingiza katika soko la Marekani kidonge cha Dianabol, kilichokuwa steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya kiume na kuharakisha ukuaji wa misuli. Homoni yenyewe ilikwisha kuundwa maabara tangu mwaka 1935, kwa hiyo si haki kudai kwamba kila bingwa wa awali alikuwa safi, lakini baada ya kidonge hicho matumizi yalienea. Arnold Schwarzenegger, aliyemtazama Park kama kielelezo chake na ambaye alitwaa Mr. Olympia mara 7, amekiri hadharani kuwa alitumia steroidi, na ratiba zake za siku 6 kwa wiki zikaigwa na watu wasio na msaada huo wala muda wa kulala wa mwanamichezo wa kulipwa. Anayejaribu kuziba pengo hilo kwa dawa bila daktari huhatarisha ini na moyo, na mwanamume anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa.

Hata hivyo, ukale pekee si ushahidi wa ukweli. Wakufunzi wa zamani waliamini kuwa mazoezi fulani yangeweza kupanua mbavu za mtu mzima, jambo lisilothibitika, na baadhi yao waliagiza takribani lita 4 za maziwa kwa siku, kiasi kinachomnenepesha mtu kuliko kumjenga. Tafiti za karibuni zimeonyesha pia kwamba uzito mwepesi, ukinyanyuliwa hadi mtu akaribie kuishiwa nguvu, hukuza misuli karibu sawa na uzito mkubwa, ingawa uzito mkubwa huongeza nguvu zaidi, na hii ni habari njema kwa mwenye makopo mawili tu ya zege.

Kwa hiyo mbeba vyuma wa Akheri, kabla ya kuifuata ratiba yoyote, anafaa kuuliza aliyeitunga alikuwa akilala saa ngapi, akila nini, akifanya kazi gani na akitumia dawa gani, kwa sababu ratiba iliyotungwa kwa mwili wa bingwa haimfai mkulima au karani, wakati mazoezi matano, siku tatu, daftari na chakula cha nyumbani vinatosha kumpa mtu wa kawaida nguvu kwa miaka mingi.